Upasuaji wa Kupunguza Unene: Je, Ini Linabaki Salama?



Mwaka jana mama mmoja wa makamo aliletwa wodini kwetu akiwa amevimba miguu hadi magotini. Nywele zilikuwa zimenyonyoka, macho yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, mikono na uso vimekonda, lakini tumbo limejaa maji. Tulifanya kama tulivyozoea. Tulipima malaria, virusi vya Ukimwi, mkojo, moyo na homa ya ini B. Hatukupata kitu. Nilimwuliza kuhusu pombe, akasema hajawahi kuionja tangu azaliwe. Tumboni tuliona vikovu vitano vidogo, nasi tukadhani ni chale za mganga.

Siku ya nne binti yake alifika kutoka Dar es Salaam. Alinisalimia, akanivuta pembeni ya mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Sista, mama alikatwa utumbo huko India miaka mitatu iliyopita ili apungue. Hataki watu wajue."

Siku nne zilikuwa zimepotea. Vile vikovu vilikuwa matundu ya vyombo vya upasuaji, na mimi mwenye zaidi ya miaka thelathini wodini sikuvitambua. Binti alikuwa na picha za mama yake katika simu, moja ya kabla na nyingine ya baada, lakini karatasi ya hospitali hakuwa nayo. Mama mwenyewe hakujua alikatwa kwa namna gani. Alijua tu kwamba alikuwa na kilo 118 na sasa ana 57, na kwamba ndugu walichanga fedha nyingi, kama za harusi, ili aende.

Tangu siku ile nimeulizwa na watu mbalimbali, wengine baada ya Misa, wengine kwa simu, kama upasuaji huu unaharibu ini. Nimeomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu wazi. Upasuaji huu, ukifanywa kwa mtu anayestahili na kwa namna inayofaa, husaidia ini kuliko kulidhuru. Lakini msaada huo unadai matunzo ya maisha yote. Kwa hiyo familia ambayo haijajipanga kumtunza mgonjwa miaka yote itakayofuata, mimi naishauri isichange kwanza fedha za upasuaji.

MAFUTA KATIKA INI

Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa ini tunafikiria pombe, au homa ya ini B ambayo huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Lakini liko jambo la tatu linaloongezeka, nalo ni mafuta. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Mtu anapokula kuliko anavyotumia, hasa vyakula vya sukari na wanga, mwili hujaza mafuta, na ini nalo huanza kuyaweka ndani yake. Mwanzoni hakuna maumivu yoyote. Miaka ikipita, kwa baadhi ya watu mafuta hayo huchokoza ini, likavimba ndani kwa ndani, na uvimbe huo huacha makovu. Makovu yakizidi, ini hugeuka gumu na la vinundu. Hali hiyo ndiyo tunayoiita sirosisi. Ukiliona ini hilo huwezi kulitofautisha kwa urahisi na la mlevi wa miaka ishirini, na nimewaona watu wasiogusa pombe wakisengenywa kijijini kuwa ni walevi wa siri kwa sababu ya ugonjwa huu.

Dawa yake ya kwanza ni kupungua uzito. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanyika Kuba kwa wagonjwa 293 wenye ini lililovimba kwa mafuta, waliopewa mpango wa chakula na mazoezi kwa mwaka mmoja. Wale waliopunguza angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wao, 90 kwa kila 100 ule uvimbe wa ini ulikwisha. Mtu wa kilo 100 anatakiwa afike 90 tu. Tatizo ni kwamba waliofika hapo walikuwa 29 tu, yaani mmoja kati ya kumi, ingawa walikuwa wakifuatiliwa na wataalamu. Kwa hiyo nawasihi wale wanaosema kwamba anayekatwa tumbo ni mvivu wa kufunga mdomo wanyamaze. Mtu mwenye uzito mkubwa sana mwili wake humpinga kwa njaa kila anapojaribu kupungua.

Siku hizi ziko pia sindano. Mwezi Agosti 2025 Marekani iliruhusu mojawapo, iitwayo semaglutaidi, itumike kwa ini lenye mafuta ambalo makovu yake yamekwisha kuwa ya wastani au makubwa lakini bado si sirosisi. Habari ya sindano inataka makala yake peke yake.

KISU CHA ZAMANI NA KISU CHA SASA

Hofu ya watu kwamba upasuaji huu unaua ini haikutoka hewani. Ina historia yake, na ni historia ya Marekani. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota walieleza upasuaji wa kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite haraka bila kusharabiwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya watu walifanyiwa. Utumbo mwembamba una urefu wa mita sita hivi. Baadhi ya wagonjwa hao waliachiwa unaofanya kazi wa sentimita 45 hivi. Walipungua kweli kweli. Lakini wakaanza kuhara, kupata mawe kwenye figo, na kwa wengine ini likashindwa kazi, wakati mwingine miaka mingi baadaye. Sababu zilikuwa mbili hasa: mwili ulikosa protini, na ule utumbo mrefu uliowekwa kando ukajaa vijidudu ambavyo sumu yake ilikwenda moja kwa moja kwenye ini. Kufika mwaka 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa, na wengi ikabidi wafunguliwe tena warudishiwe utumbo wao.

Upasuaji wa sasa ni mwingine. Unaofanyika sana ni wa namna mbili. Wa kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, ukabaki mwembamba kama ndizi. Wa pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, kisha kikaunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kikaruka mfuko na mwanzo wa utumbo. Zipo pia namna zinazoruka utumbo mrefu zaidi, ambazo hupunguza uzito mno, na hizo ndizo zinazotaka uangalizi mkali kuliko zote. Lile puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa, kama wanavyofanya Mloganzila, si upasuaji, na sizungumzii hilo hapa.

Ini hupata nini kwa upasuaji huu wa sasa? Madaktari wa Lille, Ufaransa, waliwafuatilia wagonjwa wanene sana wenye ini lililovimba kwa mafuta, wakachukua kipande kidogo cha ini kabla ya upasuaji, na tena baadaye. Taarifa yao ya mwaka 2020 inaonyesha kwamba kati ya waliopimwa tena baada ya miaka 5, 84 kwa kila 100 uvimbe ule ulikuwa umekwisha, na kwa 70 kwa kila 100 hata makovu yalikuwa yamepungua. Mimi nilifundishwa chuoni kwamba kovu la ini halirudi nyuma. Imenibidi nijifunze upya.

Mwaka 2021 hospitali ya Cleveland Clinic huko Marekani ilitoa hesabu nyingine. Walilinganisha wagonjwa 650 waliopasuliwa na 508 wasiopasuliwa, wote wakiwa na ini lililovimba kwa mafuta. Baada ya miaka 10, madhara makubwa ya ini yalikadiriwa kuwapata 2.3 kwa kila 100 ya waliopasuliwa, na 9.6 kwa kila 100 ya wasiopasuliwa. Lakini msomaji asiishie hapo. Kati ya wale 650, wanne walikufa katika mwaka wa kwanza kwa madhara ya upasuaji wenyewe. Familia lazima ielezwe hesabu zote mbili kabla mgonjwa hajaweka sahihi.

Tena si kila mnene anahitaji kisu. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa hiki: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 40 au zaidi unafikiriwa, au 35 kama una kisukari au ugonjwa mwingine unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wapasuaji wa kazi hii vilishusha vipimo hivyo hadi 35, na 30 kwa wenye kisukari. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1.60, 35 ni kama kilo 90. Binti wa kilo 74 anayetaka kupendeza harusini asijidanganye kwamba haya yanamhusu.

KITOWEO CHA MAMA

Sasa nirudi kwa mgonjwa wetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote.

Tulipojua habari yake, tulipima protini ya damu ile iitwayo albumini, ikawa chini sana. Altrasaundi ilionyesha ini limejaa mafuta, ingawa yeye mwenyewe amekonda. Hili huwashangaza watu. Mwili ukikosa protini, ini hushindwa kuyasafirisha mafuta yaliyomo, yakabaki humo humo. Wenzangu wauguzi mtakumbuka watoto wa kwashakoo tuliowalaza zamani, wenye miguu iliyovimba na ini lililojaa mafuta. Mama huyu alikuwa na hali ya namna hiyo, katika nyumba yenye kuku na ng'ombe wa maziwa.

Nilikaa naye kitandani nikamwuliza anakula nini. Akanieleza bila kuficha. Anapika, anawapakulia baba na wageni, kisha watoto. Nyama na mayai huishia huko. Yeye hukaa mwisho na ugali kidogo na mchuzi. Ndivyo alivyoishi siku zote, nami nilimwelewa sana, maana ndivyo alivyoishi marehemu mama yangu. Zamani, alipokuwa na tumbo lake lote, wingi wa chakula ulimfichia upungufu. Sasa tonge nne za ugali zilikuwa zinamjaza kabisa, na kwa kuwa sehemu ya utumbo wake imerukwa, hata kile kidogo alichokula hakikusharabiwa chote. Huko India walimwambia ale protini kwanza. Alikumbuka neno hilo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba maana yake ni kula kitoweo kabla ya mume wake.

Nayasema haya kwa akina baba hasa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji angalau gramu 60 za protini kila siku, wengine zaidi. Yai moja lina gramu sita hivi. Hesabuni wenyewe. Katika sahani yake samaki, dagaa, maharage, maziwa au kuku huliwa kwanza, mboga za majani hufuata, na ugali au wali huja mwisho kama nafasi ipo. Karanga ni nzuri, ila zisiwe zenye ukungu, kwa kuwa sumu ya ukungu wa karanga na mahindi huharibu ini la mtu yeyote. Tena ameze vitamini na madini yake kila siku, hadi kufa kwake. Vidonge vikiisha, vinunuliwe vingine, kama ambavyo mwenye shinikizo la damu haachi dawa kwa sababu kichwa kimepoa.

CHUPA MBILI ZINAKUWA NNE

Jambo la pili linaloharibu ini baada ya upasuaji ni pombe, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Kwa mtu wa kawaida pombe hukaa kwanza katika mfuko wa chakula, ikashuka polepole. Kwa aliyetengenezewa kifuko na kuunganishwa utumbo, hushuka mara moja, ikaingia katika damu kwa haraka na kwa wingi. Uchunguzi uliofanyika Marekani kwa wanawake waliopasuliwa namna hiyo ulionyesha kwamba vinywaji viwili huwapanda kama vinne. Na si kulewa haraka tu. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mmoja kati ya watano waliofanyiwa upasuaji huo alipata dalili za kutawaliwa na pombe ndani ya miaka 5, na hesabu hiyo iliwahusu watu ambao mwaka mmoja kabla ya kupasuliwa hawakuwa na tatizo hilo.

Nimeona jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Mtu akipungua, anapata nguo mpya, anaitwa kila sherehe, kamati za harusi zinamtaka, na kila meza ina kreti. Anasema ni bia moja tu. Ini lililotoka kuponywa mafuta linaanza kuunguzwa kwa njia nyingine. Kwangu mimi, aliyepasuliwa kwa namna ya kurukisha utumbo asinywe kabisa, na mwenyeji anayemjua asimsukumie chupa. Soda nazo si kimbilio, maana sukari yake ndiyo ile ile iliyoanza kujaza ini.

Yako mengine nitakayoyapitia kwa haraka. Kupungua kwa kasi huleta mawe katika mfuko wa nyongo. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya chakula cha mafuta yasipuuzwe. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kama pipi, huweza kutoboa vidonda pale utumbo ulipounganishwa, kwa hiyo zisitumiwe bila daktari. Parasetamoli isizidishwe hata kidonge kimoja kwa mtu aliyekonda asiyekula vizuri. Na zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, ziacheni huko huko stendi. Ini halisafishwi kwa majani yasiyojulikana, na nimewahi kumzika jirani aliyeanza na chupa moja ya namna hiyo.

KABLA YA KUCHANGA

Narudi kwenye michango. Sipingi ndugu kusaidiana. Lakini kamati ikikaa, iulize kwanza kama mgonjwa amepimwa ini lake kabla ya safari, pamoja na homa ya ini B, kwa kuwa wengi wetu tulizaliwa kabla chanjo yake haijaanza kutolewa kwa watoto hapa nchini mwaka 2002. Mwenye virusi hivyo, au mwenye sirosisi tayari, anahitaji ushauri wa daktari bingwa kabla ya kitu chochote. Kisha iulize ni daktari gani hapa nyumbani atakayempokea akirudi. Damu hupimwa miezi ya 3, 6 na 12, halafu kila mwaka maisha yote: wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, vimeng'enya vya ini na ile albumini. Fedha za vipimo hivyo na za vidonge zitengwe siku ile ile ya mchango. Zikikosekana, safari ingoje.

Na karatasi ije. Karatasi inayoeleza upasuaji uliofanyika, umerukwa utumbo wa urefu gani, na namba ya simu ya hospitali. Nakala moja ikae kwa ndugu. Aibu nayo iwekwe kando. Mgonjwa anaweza kuwaficha majirani apendavyo, lakini akimficha muuguzi anaweza kupoteza siku nne kama zile, na si kila mtu anazo siku nne.

Lawama nyingine ni yetu wa hospitali. Tuna daftari la kisukari, la shinikizo la damu, la kifua kikuu. La watu hawa hatukuwa nalo, kana kwamba ni wagonjwa wa mijini tu. Mama yule tulimpa vitamini na chakula cha protini kidogo kidogo kwa majuma sita, maji ya tumbo yakapungua, kisha tukampeleka hospitali ya rufaa ambako madaktari wapasuaji walimrudishia sehemu ya utumbo. Ameongezeka kilo kadhaa, jambo linalomkera, nami humwambia avumilie. Macho yake ni meupe. Mume wake ndiye anayemletea mayai mezani siku hizi, na anasema watoto wamezoea.

Yeye ni wa kwanza katika daftari jipya. Waliofanyiwa upasuaji wa namna hii, popote walipofanyiwa, waje kliniki ya Jumatano asubuhi, hata kama wanajisikia wazima. Waje na karatasi zao. Na asiye na karatasi aje na namba ya simu ya hospitali iliyompasua, tutapiga sisi. Anayeona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, miguu au tumbo kuvimba, au ndugu anayeanza kuchanganyikiwa katika maneno, asingoje Jumatano.